Sauti ya sikioni iliponyamaza: kisa cha fistula ya utando wa ubongo

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 61 aliyefikishwa hospitali baada ya kupata degedege kwa mara ya kwanza maishani. Lilidumu dakika chache, na alipozinduka hakukumbuka lolote. Mumewe ndiye aliyeeleza mengine: kwamba kwa miezi kama minne mkewe amekuwa anatafuta majina ya vitu, anauliza jambo ambalo ameshajibiwa, na akisoma ukurasa mmoja humlazimu kuurudia. Waliomwona kabla walikuwa wameshaanza kutaja dimensia. CT ya kichwa iliyopigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa haikuonyesha damu wala uvimbe, ikaandikwa kuwa ni ubongo wa kawaida kwa umri wake.

Nitangulize neno moja: hiki ni kisa cha kufundishia. Nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina hii, kwa hiyo hakuna mtu atakayejitambua humu. Mwenendo wa ugonjwa, vipimo na tiba ndivyo vilivyo kweli.

Katika faili lake kulikuwa na mstari mmoja mfupi ambao hakuna aliyeufuatilia. Mwaka mmoja na nusu kabla ya degedege alilalamika kusikia mvumo katika sikio la kushoto, hasa usiku akilalia upande huo. Kipimo cha kusikia kilitoka kizuri, akaambiwa huenda ni presha, akapewa dawa. Baadaye mvumo ukapungua wenyewe, na suala likafungwa.

Daktari aliyempokea safari hii aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema.

“Mama, ile sauti ilikuwa inalia mfululizo, au ilikuwa inapiga?”

“Inapiga, daktari. Nikishika mshipa wa mkono, vinaenda pamoja. Lakini siku hizi siisikii tena, namshukuru Mungu.”

“Iliisha lini?”

Akafikiri kidogo. Mumewe akajibu kwa niaba yake: “Kabla tu hajaanza kusahau.”

Kwangu mimi, jibu hilo la mume ndilo ufunguo wa kisa kizima. Kila mtu alichukulia kunyamaza kwa sauti kuwa ni nafuu, kumbe ndipo hatari ilipoanzia.

Mvumo unaoenda na moyo

Masikio ya watu wengi huvuma, na mara nyingi ni mlio mwembamba usiokatika, unaotokana na sikio la ndani kuchoka. Mvumo unaofuata mapigo ya moyo ni habari nyingine. Huo ni sauti ya damu yenyewe ikipita kwa kasi na msukosuko mahali fulani karibu na sikio, na wakati mwingine daktari anaweza kuisikia pia akiweka stethoskopu nyuma ya sikio, juu ya mfupa. Kipimo hicho huchukua muda mfupi mno. Kwa mama huyu, kwa kadiri faili linavyoonyesha, hakikufanyika alipokuwa bado anasikia sauti. Sasa kilipofanyika, palikuwa kimya.

Nyuma ya sikio, ndani ya fuvu, kunapita mfereji mkubwa wa vena unaokusanya damu iliyokwisha kutumika na kuishusha shingoni. Mfereji huu umo ndani ya utando mgumu unaofunika ubongo. Utando huo una ateri zake ndogo, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zinazotoka hasa kwenye ateri ya nje ya shingo, ile inayolisha uso na ngozi ya kichwa. Kwa kawaida ateri hizo huishia kwenye kapilari, vijishipa vyembamba mno, ambako kasi na shinikizo la damu hushuka kabla haijaingia kwenye vena. Fistula ya utando wa ubongo ni pale ateri hizo zinapofungua njia ya mkato moja kwa moja ndani ya mfereji wa vena, bila kapilari katikati. Damu yenye shinikizo la ateri inamwagika mahali palipojengwa kupokea shinikizo dogo.

Ugonjwa huu mara nyingi mtu hazaliwi nao. Huwapata zaidi watu wazima wa miaka 50 na 60. Baadhi waliwahi kupata damu iliyoganda kwenye mfereji huo, au jeraha la kichwa, au upasuaji. Wengi hawana sababu inayoonekana. Ni tofauti na ule msokotano wa mishipa ndani ya nyama ya ubongo yenyewe, ambao unadhaniwa kuwa na mizizi ya mapema zaidi maishani na una mjadala wake. Natofautisha kwa makusudi, maana ndugu wa mgonjwa wakisoma mtandaoni hukutana na utafiti uitwao ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, ambao ulionyesha kwamba kwa misokotano ambayo haijawahi kuvuja damu, waliotibiwa kwa dawa tu walipata kiharusi au kifo kwa uchache kuliko waliofanyiwa uingiliaji (upasuaji, kuziba kwa mrija au mionzi), asilimia 10.1 dhidi ya 30.7, kwa muda wa ufuatiliaji wa wastani wa miezi 33. Matokeo hayo yamezua ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu, lakini hata ukiyakubali yote, hayamhusu mama huyu. Ugonjwa wake ni mwingine na hesabu yake ni nyingine.

Damu inakwenda wapi?

Mtu anayeona picha ya fistula kwa mara ya kwanza huvutiwa na ateri: zimenenepa, zimejipinda, ni nyingi. Anadhani wingi wa ateri ndio ukali wa ugonjwa. Sivyo. Unaweza kuwa na fistula yenye ateri kumi ambayo haitamdhuru mtu zaidi ya kumkosesha usingizi, na nyingine yenye ateri moja nyembamba inayoweza kumuua. Kinachoamua ni njia ambayo damu inatokea.

Mwaka 1995 Borden na wenzake walipanga fistula hizi katika aina tatu kwa kigezo hicho hicho, na mwaka huo huo Cognard na wenzake wakatoa mpangilio wenye ngazi nyingi zaidi unaofuata wazo lile lile. Katika aina ya kwanza ya Borden, damu inaingia kwenye mfereji na kuteremka shingoni, haigusi vena za ubongo. Katika ya pili, inaingia kwenye mfereji lakini nyingine inarudi kinyume kwenye vena za juu ya ubongo. Katika ya tatu, haina njia ila vena za ubongo tu: ama fistula imefungukia moja kwa moja kwenye vena hizo, ama imefungukia kwenye kipande cha mfereji kilichoziba huku na huku.

Fikiria mtaro wa maji machafu ulioziba upande wa barabarani. Maji hayakomi kutiririka; yanarudi ndani ya nyumba. Vena za ubongo hazina vali za kuzuia damu kurudi nyuma, kwa hiyo shinikizo likigeuka, linapanda hadi kwenye nyama ya ubongo. Damu safi inashindwa kuingia kwa sababu iliyotumika imeshindwa kutoka. Ubongo unavimba taratibu, unafanya kazi nusu nusu, na kuta za vena zikizidiwa zinapasuka.

Kwa mama huyu mambo yanaeleweka sasa. Mwanzoni fistula yake ilikuwa inamwaga damu kwenye mfereji uliokuwa wazi, karibu kabisa na sikio, na ndiyo maana alisikia kila pigo. Kisha mfereji ukaziba, pengine kwa sababu msukosuko wa damu wenyewe huchochea kuganda na kuta kunenepa. Mtiririko ukapungua, sauti ikafifia, na damu iliyobaki ikageukia ubongo. Ni kweli kwamba mvumo ukitoweka wakati mwingine fistula imejifunga yenyewe, na hilo hutokea. Lakini huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili kwa kumsikiliza mgonjwa. Sauti ikibadilika ghafla, kwa kuzidi au kwa kupungua, picha ya mishipa irudiwe. Hilo lingeandikwa kwenye faili lake siku ya kwanza, huenda degedege lisingetokea.

Picha

MRI ilionyesha sehemu ya pembeni ya ubongo wa kushoto, ile ya karibu na sikio, ikiwa imevimba, na juu yake vidoa vyeusi vingi vya vena zilizojipinda. Palikuwa pia na nukta chache za damu ya zamani. Eneo hilo, kwa watu wengi, ndilo lenye kazi ya maneno na kumbukumbu, na linajulikana kwa kuzusha kifafa. Baada ya kuona MRI, CT ya mwanzo ilitazamwa upya: weusi hafifu wa uvimbe ulikuwapo, ila ulihitaji mtu anayejua anachokitafuta.

Kilichothibitisha ni angiografia, kipimo ambacho misingi yake iliwekwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927. Mrija mwembamba unapitishwa kutoka kinenani hadi shingoni, dawa yenye ayodini inasukumwa, na eksirei zinapigwa kwa mfululizo. Kwa fistula ya utando inabidi kuchungulia mishipa sita: ateri za ndani za shingo mbili, za nje mbili, na za uti wa mgongo mbili. Anayeacha ateri za nje kwa kuharakisha anaweza kuukosa ugonjwa kabisa, kwa sababu hizo ndizo zinazoulisha mara nyingi.

Ateri ya nje ya kushoto iliposukumiwa dawa, vena zilijitokeza kabla ya wakati wake, ateri zikiwa bado zimejaa. Hiyo ndiyo alama ya njia ya mkato. Walishaji walikuwa wawili wakubwa: tawi la nyuma la ateri ya kati ya utando, na matawi ya ateri ya kisogoni yaliyotoboa mfupa. Wote walikutana kwenye kipande kifupi cha mfereji kilichofungwa ncha zote mbili, na kutoka hapo dawa ikapanda kinyumenyume kwenye vena za ubongo. Borden aina ya tatu.

Kisha likaangaliwa jambo ambalo ndilo linaloruhusu au kukataza tiba. Dawa iliposukumwa kwenye ateri ya ndani, ile inayolisha ubongo wenyewe, ilitazamwa kama vena zozote za ubongo zinakitumia kipande kile kutolea damu. Hakuna hata moja. Zilichelewa na kupitia njia za kuzunguka. Maana yake kipande kile kimekuwa mali ya fistula peke yake na kinaweza kufungwa. Kama vena ya kawaida ingekuwa bado inategemea hapo, kukifunga kungeziba njia ya damu ya ubongo wenye afya, na mgonjwa angeweza kuamka na kiharusi cha vena.

Kuchagua njia

Kumwacha bila tiba hakukuwa na utetezi. Fistula ya aina ya kwanza mara nyingi huachwa na kufuatiliwa, kwani ni chache sana zinazobadilika kuwa kali. Lakini fistula inayorudisha damu kwenye vena za ubongo, na mgonjwa akiwa tayari ameshapata damu kichwani au dalili za ubongo kulemewa, hatari ya kuvuja damu imekadiriwa kuwa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Kwa wale wasio na dalili hizo ni karibu 1.5. Mama huyu alikuwa katika kundi la asilimia 7.

Mionzi ya kulenga ilitajwa na kuwekwa kando: huchukua mwaka hadi miaka mitatu kufunga njia ya mkato, na huyu hakuwa na miaka ya kusubiri. Upasuaji wa kufungua fuvu na kukata pale vena zinapoanzia ungewezekana. Kupita upande wa vena na kujaza kipande kile kwa koili za platini, vijiwaya laini vilivyojiviringa, ni njia nzuri mfereji unapofikika, ila wake ulikuwa umeziba pande zote mbili. Wapo wanaofanikiwa kupenya kwenye kizibo, lakini kwa nini ung'ang'anie mlango uliofungwa wakati kuna dirisha wazi? Ateri ya kati ya utando ilikuwa imenyooka, imeshikizwa kwenye mfupa, na inaelekea hasa panapotakiwa, kwa hiyo ndiyo iliyochaguliwa kupitishia dawa ya kuziba fistula.

Hapa kuna kosa la zamani linalostahili kukumbukwa. Kwa miaka mingi fistula hizi zilitibiwa kwa kufunga ateri zinazozilisha, mbali na fistula yenyewe. Sauti ilikwisha, kila mtu akafurahi, halafu ateri nyingine za utando zikaja kuchukua nafasi, na safari hii njia nzuri ya kufikia ilikuwa imeshafungwa na daktari mwenyewe. Dawa ya kuziba lazima ifike kwenye kipande cha mfereji na mwanzo wa vena inayotoka hapo. Ikiishia kwenye ateri, hujatibu.

Ndani ya chumba cha angiografia

Alilazwa kwa nusukaputi, kwa sababu kazi hii inahitaji kichwa kisichotikisika hata kidogo na dawa yenyewe inauma inapoingia. Mashine ni ya eksirei zenye macho mawili, moja kwa mbele na moja kwa ubavu. Mrija mkubwa ulipandishwa kutoka kinenani hadi ateri ya nje ya shingo, na ndani yake ukapitishwa mrija mwembamba usiofika milimita moja kwa upana, ukaingia kwenye fuvu kupitia tundu dogo la mfupa na kufuata ateri ya kati ya utando hadi mwisho wake.

Mahali pa kusimamisha ncha si suala la usafi wa picha tu. Mwanzoni mwa ateri hiyo, pale inapoingia kwenye fuvu, hutoka kijitawi kinachoulisha mshipa wa fahamu wa uso. Mbele yake kuna miunganiko inayoweza kufika kwenye ateri ya jicho. Dawa ikirudi nyuma hadi huko, mgonjwa anaamka uso umepinda au jicho halioni. Kwa hiyo ncha ilisukumwa mbele kabisa, ili kubaki na nafasi ndefu ya dawa kurudi nyuma bila kufikia matawi hayo. Ateri ya kisogoni haikuchaguliwa kwa sababu za aina hiyo: imejipinda, inalisha ngozi ya kichwa, na ina miunganiko na ateri ya uti wa mgongo, ambayo ni barabara ya kwenda shina la ubongo.

Dawa iliyotumika ni Onyx. Ni plastiki iliyoyeyushwa katika kimiminika kiitwacho DMSO na kuchanganywa na unga wa tantali ili ionekane kwenye eksirei. Hutikiswa kwa dakika 20 kabla ya kutumika, la sivyo unga hukaa chini na unasukuma usichokiona. Ikikutana na damu, DMSO hutawanyika na plastiki hugeuka kitu kama sponji. Tofauti na gundi ya kuzibia mishipa, ambayo huganda kwa sekunde na kukudai uamue haraka, hii hukupa muda. Inasukumwa polepole mno, karibu mililita 0.16 kwa dakika, kwa sababu DMSO ikienda kasi huunguza ukuta wa mshipa.

Dawa ilipoanza kuingia, mapigo ya moyo yaliteremka ghafla kutoka 70 hadi 38. Daktari wa usingizi alikuwa amejiandaa: utando wa ubongo hupata hisia zake kupitia mshipa wa tano wa fahamu, na ukichokozwa moyo unaweza kupunguza mwendo au hata kusimama kwa muda. Sindano ilisitishwa, atropini, dawa ya kuharakisha moyo, ikatolewa, mapigo yakarudi, kazi ikaendelea taratibu zaidi. Timu isiyoijua tabia hii inaweza kuacha tiba katikati kwa hofu, au ikaendelea kusukuma bila kuangalia mashine ya moyo. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kinachofuata ni kazi ya subira. Dawa inarudi kidogo nyuma kando ya mrija. Unasimama, usizidishe dakika mbili maana itagandia ndani ya mrija. Unasukuma tena, na ile iliyoganda nyuma inageuka kizibo kinacholazimisha mpya kwenda mbele. Baada ya mizunguko kadhaa iliingia kwenye kipande cha mfereji, ikakijaza, na kisha ikafanya jambo zuri: ikarudi kinyume ndani ya matawi ya ateri ya kisogoni, walishaji ambao hawakuguswa kabisa kwa mrija. Ilipoonekana kuingia sentimita moja hivi kwenye mwanzo wa vena, ikasitishwa. Kuisukuma zaidi kungeziba vena ambayo ubongo utaihitaji shinikizo likishashuka.

Kuutoa mrija kulichukua dakika kadhaa za kuvuta kwa upole, kwani ncha ilikuwa imezikwa ndani ya dawa. Kuvuta kwa nguvu huweza kupasua ateri. Ndiyo sababu wengi hutumia mirija ambayo ncha yake imetengenezwa ikatike. Angiografia ya mwisho, mishipa yote sita tena, haikuonyesha vena hata moja ikitokea mapema.

Baadaye

Usiku ule aliumwa kichwa, na wauguzi waliambiwa wasishangae pumzi yake ikinuka kitunguu saumu: ni DMSO ikitoka kwa njia ya mapafu, huisha kwa siku moja au mbili. Shinikizo la damu lilidhibitiwa kwa karibu. Hofu ya siku za kwanza ni kwamba vena zilizozoea kujaa sasa zina damu inayotembea polepole, na zinaweza kuganda. Angezidiwa na maumivu au maneno yake yakipotea zaidi, angerudishwa kwenye MRI mara moja. Haikutokea.

MRI ya miezi mitatu ilionyesha uvimbe umekwisha. Nukta za damu ya zamani zilibaki, nazo zitabaki. Mumewe alisema mkewe amerudia kumkosoa, jambo alilolichukua kuwa kipimo bora kuliko vyetu. Upimaji rasmi wa kumbukumbu ulikuwa umepanda sana, ingawa majina ya watu bado yanamponyoka akichoka. Sehemu ya ubongo iliyokaa chini ya shinikizo kwa miezi haikujirudia yote, na ni vyema familia iambiwe hivyo kabla ya tiba kuliko baada yake.

Angiografia ya miezi sita ilikuta fistula imefungwa. Kwa kuwa degedege lilitokana na uvimbe ambao haupo tena, na hakupata jingine, mjadala uliobaki ni wa dawa za kifafa. Mama mwenyewe anataka kuziacha. Daktari wa mishipa ya fahamu amependekeza zipunguzwe hatua kwa hatua baada ya kipimo cha umeme wa ubongo, na wakakubaliana kwamba akisikia tena chochote kinachopiga katika sikio, la kushoto au la kulia, atakuja hata kama kitanyamaza kabla hajafika.